Shingo ya Binti Kengele

Kichwa kilikuwa upande mmoja wa sinia, kiwiliwili upande wa pili. Mwamini alikuwa ameketishwa mkekani mbele ya sinia hilo, wanawake wa Kiongoroni wamemzunguka, na hakuna aliyemtolea hata maji ya kunywa.

"Ni wewe uliyeuza mdoli huu?" aliuliza Bi Mwanabibi, kungwi.

"Ni mimi, bibi."

"Ulisemaje ulipouza?"

"Nilisema hauvunjiki."

"Aliugonga kwenye boriti," alidakia Mwanamkuu, mama wa mwali. "Akaniambia hata gari likiukanyaga haupati kitu. Nikamwambia, dada, gari huku litatoka wapi, labda ukanyagwe na mamba. Tukacheka." Sasa hakucheka. Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kanga yake.

Nyuma ya pazia, Tabu, mwali mwenyewe, alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Tangu shingo ilipoachia, kikombe cha uji kiliingia kimejaa na kutoka kimejaa.

Mwamini alianza biashara hii ilipotoka ruksa ya kuleta vitu vya nje, bidhaa za Dubai na Taiwani zikawa zinashushwa Kibiti kwa mafurushi. Pale stendi palikuwa na banda la video, jenereta ikiunguruma nyuma yake, na katuni iliyowatia watoto wazimu ilikuwa ya binti mfalme mwenye kengele ndogo. Kila alichokitikisia kengele, hata kama kilikuwa kimekufa, kiliamka. Watoto wakamwita Binti Kengele. Mwamini aliweka boksi lake mlangoni pa banda, akawasubiri watoke, macho yao bado yana giza. Sanamu zilikuwa za plastiki, urefu wa kiganja, zenye nywele za kuchana: wa gauni la njano, wa kijani, wa bluu, wa jekundu. Wa gauni jeupe alikuwa adimu, na Mwamini alimfunika kitambaa, akimwonyesha nusu tu. Mtoto wa karani na mtoto wa mwenye mashine ya kusaga walikuwa wakikusanya wote. Aliyepata wanne hakulala kwa kumfikiria wa tano.

Kazi yake aliijua. Mtoto apewe kwanza, ashike; akishashika, mama hana ujanja. Na sifa isitolewe tupu. "Rangi ya viatu itachuja, nisikudanganye," alizoea kusema, na kwa kasoro hiyo moja watu waliyaamini mengine yote.

Kiongoroni, ndani ya mikoko ya delta, hakukuwa na video. Huko walimnunua Binti Kengele kwa sababu nyingine.

Msichana akipevuka huwekwa ndani, na akiwa ndani hukabidhiwa mwanahiti, mtoto wa mti asiye na mikono, mwenye vishungi viwili vya kuchongwa kichwani. Humwogesha, humpaka mafuta ya nyonyo, hulala naye. Anavyomlea huyo ndivyo atakavyozaa. Akivunjika mikononi mwake, tumbo limefungwa. Mwanahiti wa ukoo wa Tabu alikuwa amepita mikononi mwa bibi na mama na mashangazi. Kisha akatokea mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Dar, mtu wa maneno laini, na mjomba akambadilisha mtoto yule kwa redio ya kaseti. Redio ilikuwa imeshakufa kwa chumvi ya hewa ya bahari siku Mwamini aliposhuka na boksi lake. Mwanamkuu alimchukua wa gauni jeupe, akamvua gauni, akamfunga kipande cha kaniki kiunoni. "Huyu ana nywele hasa," alisema. "Atafaa."

Tabu akamlea kama alivyofundishwa. Kila asubuhi mafuta, kisha kumwotesha moto kidogo ili yaingie. Mti huyanywa mafuta. Plastiki haikuyanywa; ilikaa nayo shingoni, ikalainika taratibu, mpaka asubuhi moja kichwa kikabaki mkononi mwa mwali.

"Nimeleta mwingine," alisema Mwamini, akifungua kifurushi. "Ni yuleyule, bibi, hana tofauti. Tumpe huyu."

"Mtoto habadilishwi, Mwamini. Hii si sufuria."

"Ana haki gani ya kusema?" aliuliza mwanamke mmoja wa nyuma. "Mwanahiti wa dukani. Kesho atatuletea na waume wa dukani."

"Wakija niite," alijibu mwenzake, na kicheko kidogo kilipita, kikazimika kilipofika kwa Mwanamkuu.

Bi Mwanabibi alisubiri kinyamaze. Alikuwa mwembamba, sauti yake ya chini, na hakuonekana mwenye hasira. "Jamaa wa muoaji hawajajua bado," alisema. "Ijumaa wanakuja kuuliza siku ya kumtoa. Nikinyamaza, nimewapa mwanamke aliyefungwa, nami nilikula kiapo cha kutoficha. Nikisema, huyu haolewi hapa wala popote maji haya yanapofika."

"Na mwenyewe anataka kufa," alisema Mwanamkuu. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Mwamini aliliangalia pazia. "Niruhusuni niseme naye."

"Hasemi na mwali ila aliyetaja habari za mwanahiti wake mwenyewe mbele yetu," alijibu kungwi. "Ndivyo tunavyofanya. Haya. Wako ulimleaje?"

Wake alikuwa wa mpingo. Alipewa na bibi yake kule Mchukwi, akampaka mafuta mpaka akang'aa kama jiwe la mtoni. Siku aliyoshikwa na homa alimfunga kifuani kwa ukanda asije akamwangusha usingizini. Alimrudisha mzima, bila mkwaruzo, na wanawake wakapiga vigelegele. Kisha akaolewa. Mume wa kwanza alisubiri. Wa pili hakusubiri. Tumbo lake halikuwahi kushika kitu hata kwa mwezi mmoja, na kule Kibiti hilo halikuhitaji kuulizwa. Watu walimwita kwa jina lake tupu, bila mama fulani.

Angeweza kuwaambia hivyo. Aliligeuza jambo hilo kichwani, upande huu na upande ule. Ukweli wake ungewaonyesha kwamba mwanahiti mzima hazalishi. Usingewaonyesha kwamba aliyevunjika anazaa. Na yule binti pale ukutani angesikia tu kwamba kuna mlango mwingine tena wa kuukosa uzazi.

"Wangu alivunjika," alisema Mwamini.

Pindo la kanga lilitulia mikononi mwa Mwanamkuu.

"Alivunjika vipi?"

"Kisimani. Nilikwenda kumwogesha, akateleza. Shingo, kama huyu."

"Na ukazaa?"

"Wanne." Alipaza sauti kidogo, ivuke pazia. "Shaabani ndiye mkubwa. Kisha Mwantum. Kisha Mohamedi."

"Hao watatu," alisema Bi Mwanabibi.

"Wa nne alikuwa wa kike. Hakufika arobaini."

Hakujua alimtoa wapi. Alitoka mdomoni kama ile rangi ya viatu inayochuja, kwa mazoea yake ya biashara, na mara akawa amekwishakaa katikati ya mkeka. Wanawake wakashusha pumzi. Yule wa nyuma, aliyemtania, alisogea akamshika goti. "Pole, dada. Pole sana."

"Alikuwa na jina?" aliuliza mwingine kwa upole.

Mwamini alifungua mdomo, na jina halikuja. Machozi ndiyo yalikuja, mengi, bila sauti, na hayakuwa ya kuigiza. Hakuna aliyerudia swali. Mtu alimletea maji kwenye kata, akanywa.

Nyuma ya pazia kitanda kililia. Kisha sauti ikasikika, kavu, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kusema. "Mama. Uji umepoa?"

Mwanamkuu aliinuka mbio, akajikwaa kwenye sinia, kichwa cha Binti Kengele kikaviringika hadi mlangoni. Hakuna aliyekifuata.

Maji yalipoanza kujaa, Bi Mwanabibi alimsindikiza Mwamini hadi kwenye mtumbwi. Walipita njia ya matope katikati ya mikoko, kungwi mbele, akipima kila hatua kwa fimbo. Alipozungumza hakugeuka.

"Ijumaa nitawaambia mwali yuko salama. Siku ya kumtoa, uje. Watakuuliza habari za wanao."

"Ndiyo, bibi."

"Shaabani, Mwantum, Mohamedi. Shika hivyohivyo, usije ukawachanganya. Watu wa hapa hawasahau." Alisimama, akakwangua tope kwenye fimbo kwa kidole cha mguu. "Na yule mdogo mtafutie jina. Mtoto hazikwi bila jina."

Mwamini aliinua macho amtazame usoni, lakini kungwi alikuwa ameshampita, akirudi kijijini polepole, miguu yake ikitoa mlio kila ilipong'oka matopeni.

Mwenye mtumbwi alikuwa Sadala, mkata mikoko wa zamani, mtu aliyependa mazungumzo na hakuwa akimjua Mwamini zaidi ya kumvusha. Hewa ilikuwa nzito, mvua imesimama juu ya mikoko bila kushuka. Alipiga kasia kwa muda, kisha akasema, "Nimesikia wanawake wakisema una watoto wakubwa. Mmoja hawezi kukubebea hilo boksi?"

Hapakuwa na mwali hapa, wala pazia. Mwamini aliweka mkono majini, akauacha uburuzwe.

"Mkubwa yuko Mafia," alisema. "Shaabani. Yeye bahari haimtishi. Ila samaki hali, tangu mdogo. Ukimwekea samaki anasukuma sahani hivi, na mkono wa kushoto."

"Wako wa hivyo," alisema Sadala. "Na wa pili?"

"Wa pili ni wa kike," alisema Mwamini, na tone la kwanza la mvua likampiga begani. Sadala alivuta turubai kutoka chini ya miguu yake, akamrushia. Mwamini alilikunjua, akajifunika kichwa na mabega, kisha akasogea kidogo kwenye ubao, akaacha nafasi ya mtoto kando yake, na kuilaza ncha nyingine ya turubai juu ya hiyo nafasi.