Mikwaju Hamsini na Tisa ya Kessock

Jumapili ya kwanza ya Oktoba, mwaka 1987, saa nane na dakika kumi mchana, Delmer Whitecalf alikuwa akikwaruza barafu mpya mbele ya goli la kaskazini kwa makali ya viatu vyake, kama afanyavyo kila kipa wa mpira wa magongo ya barafuni kabla ya mazoezi, ndipo kisahani cheusi kilipofyatuka kutoka upande wa kulia wa mstari wa bluu bila mtu kukipiga. Delmer alinyoosha mguu wa kushoto. Kisahani kiligonga pedi kikaishia konani.

“Huo wa Lindquist,” alisema Metro Sawchyn, mtunza barafu wa uwanja wa Dunmoor, bila kushuka kwenye mashine yake. “Ule wa kwanzakwanza, dakika ya pili.”

Ulikuwa kweli mkwaju wa Lindquist, mshambuliaji wa Kessock. Mwezi Machi, katika fainali ya wilaya, timu ya Kessock ilikuwa imepiga mikwaju hamsini na tisa, Delmer akazuia hamsini na minane, na Dunmoor ikatwaa kombe kwa mabao mawili kwa moja baada ya kulisubiri miaka thelathini na mmoja. Kabla theluji haijayeyuka, mji mzima ulikuwa umeafikiana kwamba ilikuwa bahati. Bao moja kati ya yale mawili ya Dunmoor lilikuwa limegonga makalio ya mlinzi wa Kessock kabla ya kuingia, na mfungaji wake alipewa chakula cha heshima katika ukumbi wa kanisa. Yeye hakuambiwa kuwa alibahatika. Delmer alikuwa Mkrii, mmoja wa wenyeji asilia wa Kanada, kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto, kipa wa kwanza wa Dunmoor kutoka huko.

Gordon Pratt, muuza matrekta na mwenyekiti wa kamati ya timu, alikuwa amekwisha kumleta kutoka Regina mpwa wake, Trent, ili awe kipa msimu huo. Delmer alipouliza sababu, alijibiwa kwamba goli ni lake iwapo atathibitisha kuwa Machi haikuwa kubahatisha. Jinsi ya kuthibitisha hakuelezwa.

Mkwaju wa pili ulikuja, kisha wa tatu, kwa mpangilio uleule wa Machi. Wachezaji wenzake walikaa juu ya ubao wa pembeni, wakivitambua visahani kimoja kimoja.

“Angalia bega, Del! Unakuja ule wa juu!”

“Mwache, anaujua kuliko anavyomjua mkewe.”

Delmer alizuia yote hamsini na minane. Ulipokuja ule uliomshinda Machi, aliudaka kwa glovu. Metro alikwenda kuangalia kombe kabatini na kukuta maandishi yamebadilika: mawili kwa sifuri.

“Mikwaju ameshaiona,” alisema Pratt. “Hata mimi na kitambi hiki ningeizuia.”

“Basi na Trent ameiona leo, alikuwapo,” alisema Metro. “Mwenyekiti, mweke Trent Jumapili ijayo.”

Pratt hakuwa na namna ya kukataa mbele ya wachezaji. Jumapili ya pili, saa nane na dakika kumi, Trent alisimama golini. Ishirini na miwili iliingia. Alipotoka, kabati lilikuwa tupu, na katibu wa Kessock alipiga simu kueleza kwamba kombe liko juu ya meza yao na kwamba imebidi wahamishe birika la kahawa.

Kamati ilikutana Jumanne na kubandika uamuzi wake mlangoni. Ulisema kwamba Dunmoor ilifungwa mabao ishirini na mawili kwa mawili katika fainali ya Machi, kwamba kipa wa siku hiyo alikuwa D. Whitecalf, na kwamba suala la bahati halipo tena. Waliokumbuka vinginevyo walikuwa wengi, lakini hawakuwa wajumbe.

“Mzee Pratt, mabao hayo kafungwa Trent,” alisema Delmer.

“Machi Trent alikuwa Regina, kijana. Muulize mama yake.”

Shangazi yake Delmer, Bernadette, aliyeuza mikate ya kukaanga penye lango la uwanja, alisoma karatasi ile akaifutia mikono yake yenye mafuta. “Rudi nyumbani, mwanangu. Waachie barafu yao.”

“Shangazi, mikwaju ile ilipigwa kwangu. Siwezi kukaa nyumbani huku inaingia.”

Jumapili ya tatu alivaa pedi zake bila kumwomba mtu ruhusa, akazuia yote hamsini na tisa. Kombe lilirudi kabatini likiwa limeandikwa mawili kwa sifuri, na likinuka kahawa. Kamati ilikutana tena Jumanne. Safari hii ilikumbuka kwamba heshima ya kombe ni ya timu kama ilivyo sasa, na kipa wa timu kama ilivyo sasa ni Trent. Picha yake ilitundikwa juu ya kabati.

Chini ya picha palibandikwa orodha ya kazi za msimu. Kulainisha barafu: Sawchyn. Kufagia vyumba vya kuvalia: kwa zamu. Kuzuia mikwaju ya Machi, kila Jumapili saa nane na dakika kumi: Whitecalf.

Delmer alimkuta Pratt akihesabu magongo mapya. “Na nisipokuja Jumapili?”

“Utakuwa umetupotezea kombe,” alisema Pratt kwa upole. “Mji mzima utajua ni wewe.”

“Na nikija?”

“Ukija, umekuja tu. Si ndiyo kazi yako?”

“Ulisema nithibitishe.”

“Na umethibitisha, nani kakataa? Ndiyo maana tumekupa Jumapili.”

Delmer alirudi penye orodha. Alichukua kalamu iliyofungwa kwa uzi na kutia saini mbele ya jina lake, kwa herufi kubwa, akikandamiza hata karatasi ikatoboka.

Jumamosi msimu ulifunguliwa. Watu walisimama kwa wimbo wa taifa, Trent akaenda golini, na Delmer akakaa mwisho wa benchi, karibu na kilango cha mbao, kwa kuwa kazi ya kipa wa akiba ni kuwafungulia wenzake wanapopokezana barafuni. Dunmoor ilifungwa saba. Delmer alikifungua kilango mara themanini na nne, kila mara kwa wakati wake, pasipo mchezaji hata mmoja kusubiri. Hakuna aliyesema kuwa ni bahati.