Nguzo Nyeupe ya Daraja la Corley

Kwa umri wake wa miaka sitini na minane, Ozella Tackett hakuwahi kulivuka daraja la vyuma la Ziwa Corley akiwa ameshika usukani. Miaka arobaini ya ndoa alikaa kiti cha abiria, macho kayafumba, hadi mumewe Hobart apige honi moja kumjulisha wamefika. Sasa Hobart ni marehemu, na leo saa sita mchana daraja linafungwa. Wiki ijayo linalipuliwa. Asipovuka leo, basi tena.

"Shemeji, wewe utalivuka kwenye picha," Delmar, mdogo wake Hobart, alimtania asubuhi dukani, watu wakicheka huku wakila kambare wa kukaanga. "Wa mwisho kupita leo ni mimi na boti yangu."

"Nenda zako," akamjibu. "Tutakutana huko huko."

Saa sita kasorobo akakunja vioo vya pembeni vya pikapu ya Hobart, kama afanyavyo kila mtu wa hapa, maana njia ya pale juu ni nyembamba mno. Magari mapana hayapishani. Anayetangulia kupita nguzo nyeupe ya katikati ndiye mwenye njia. Mwenzake arudi kinyumenyume, awe nani awe nani.

Umati ulikuwa umejaa ukingoni kuliaga daraja. Akaingia. Vyuma vikaunguruma, maji yakimetameta chini kabisa, moyo ukimwenda mbio. Kumbe raha namna hii, na Hobart hakumwambia!

Mara akaiona ile pikapu ya Delmar ikija kwa mbele, boti nyuma kwenye tela, taa zinawaka na kuzima. Ozella hakupunguza. Akakanyaga mafuta, akaipita nguzo nyeupe, ndipo wote wawili wakafunga breki.

"Shemeji, rudi nyuma, nina boti," Delmar akasema, kichwa nje.

"Nguzo iko nyuma yangu, Delmar. Tazama mwenyewe."

"Usinifanyie hivyo. Watu wote wananiangalia."

"Si ndicho walichokuja kuangalia? Rudi, baba, taratibu."

Delmar akarudi, boti ikiyumba kushoto na kulia, umati wa ukingoni ukishangilia. Ozella akamfuata hadi ng'ambo, na nyuma yake wakaweka vizuizi.

Magurudumu yalipokanyaga lami ya nchi kavu, akapiga honi moja, kama Hobart. Machozi yakamtoka. Leo hakukuwa na macho ya kufumbua. Yalikuwa wazi njia nzima.