Wavu Haurukwi na Mwanamke

Katika ukoo wetu mwanamke haruki wavu. Akiuruka, samaki wanakimbia, na samaki wasipokimbia, boti inazama. Baba yangu, ambaye ndiye nahodha, alinifundisha hivyo kabla sijajua kuhesabu. Nilipokua akanipa kazi ya kushona nyavu zake zote, ndani ya chumba cha nyuma chenye upana wa kitanda.

Nyavu zilijaa kutoka ukuta huu hadi ule. Mlango ulikuwa upande mmoja, uzi na sindano upande wa pili. Mimi sina mbawa. Kwa miaka kumi na mmoja niliruka nyavu za baba asubuhi nikiingia, adhuhuri nikienda kula, na kila nilipobanwa na haja, na miaka yote hiyo boti ilirudi imejaa. Baba alisema ni kwa sababu miiko yake inaheshimiwa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nikaendelea kushona.

Hata mwiko wenyewe najua ulikotoka. Shangazi, dada yake baba, aliniambia kwamba bibi yao aliwahi kupita juu ya wavu akiwa na sufuria ya uji wa moto. Mguu ukanasa, akaanguka, wavu ukachanika pima tatu. Mumewe akaapa kwamba hakuna mwanamke atakayeruka wavu wake tena. Alikuwa na hasira ya kuchaniwa wavu, basi. Leo zile pima tatu zimekuwa laana ya boti nzima, na mguu wa bibi ulioungua hakuna anayeuulizia.

Mwaka huu, baada ya kumsumbua baba hadi akachoka, nilipewa chumba kikubwa cha mbele. Kilikuwa na madirisha mawili, misumari ya kutundikia nyavu ukutani, na njia katikati ya kupita kama watu. Nilikipenda chumba kile. Nilikifagia mara mbili kwa siku hata kama hakuna uchafu.

Wiki ileile mume wangu aling'olewa jino la mbele. Ni mvuvi kwenye boti ya baba, na wenzake wanamwita Kimya. Hawakukosea: maneno yake ya wiki nzima yanaenea kwenye kiganja. Ila tangu jino litoke, kila akivuta kamba pumzi ilipita kwenye pengo ikatoa mluzi. Na mluzi botini ni mwiko wa pili, maana unaita upepo mbaya.

Wiki tatu boti ikarudi tupu. Wavuvi walitafuta mchawi kila mahali, mwisho wakaliona pengo. Baba akawaita wote kwenye chumba changu kipya, akaketi kwenye kiti changu, akatangaza kwamba mkwe wake atashuka botini kuanzia kesho. Alisema inamuuma, lakini samaki hawajui mkwe. Kimya alifungua mdomo kujitetea, ukatoka mluzi.

Nilimwonea huruma. Mume wangu hajui kazi nyingine, wala hataki kuijua.

"Baba," nikasema, "kama ni mwiko, mimi ndiye niliyeuvunja. Nimeruka nyavu zako miaka kumi na mmoja."

Fundi wa injini akakaa chini. Baba hakufoka. Alishika kidevu, kama anavyofanya injini ikikataa kuwaka.

"Kila siku?"

"Mara nane, tisa."

"Na ulipohamia huku?"

"Huku kuna njia. Sijaruka hata mara moja."

"Umehamia lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

Baba akawageukia wavuvi.

"Mmeona sasa," akasema. "Mmemsingizia mtu bure."

Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimerudishwa chumba cha nyuma. Madirisha mawili sasa inayo injini ya akiba. Kimya alinibebea nyavu, akihema kwa nguvu kupitia pengo. Baba alimsikia, akasema upepo wa leo ni mzuri.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi baba huleta wavu mwenyewe, huutandaza mlangoni, kisha hugeukia ukuta, kwa kuwa nahodha hapaswi kuona mwiko ukivunjwa. Mimi huruka. Samaki wamerudi. Nadhani ni msimu tu, lakini hakuna aliyeniuliza.

Mwezi uliopita nilimsikia fundi wa injini akimfundisha mvuvi mgeni kwamba nyavu za boti hii lazima zirukwe na binti wa nahodha, tena aanze na mguu wa kushoto. Huo wa kushoto wamejiongezea wenyewe. Nilicheka peke yangu mpaka sindano ikanidondoka.

Jana nilianza na wa kulia. Boti ilikuwa haijaondoka, na Kimya alikuwa ameshapanda. Nilisimama kidogo, nikauwaza upuuzi wa watu hawa. Kisha nikamwambia baba asigeuke kwanza, nikarudi nyuma, nikaruka upya.