Mkungu wa Ndizi Ulionizuia Njia ya Ukweni

Usiku wa jana, mizigo ikiwa tayari mlangoni, niliota tumeshakaribia Bukoba kwa wakwe zangu. Sijawahi kufika tangu Mutalemwa anioe hapa Tanga. Majirani walikuwa wameshinda kwangu wakiniaga, kwa hiyo nikawaota na wao. Tulijaa basi zima.

Njiani kuna kizuizi. Dereva anasema wengine wakae, mke mgeni ashuke. Nikashuka. Nyuma ya meza amekaa mkungu wa ndizi mbichi, kavaa miwani, anaandika.

"Shikamoo," nikasema, maana huwezi kujua.

"Marahaba. Jina?"

"Mwanakheri."

"Tumboni umebeba nini?"

Nikamtajia: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mkate wa kumimina wa marehemu mama.

"Umejaza mno. Hapa mke huingia na nafasi. Viache mezani, nitakupa ndizi na maharage."

Sikutaka ubishi ukweni. Nikaweka wali mezani. Papo hapo nikawa sijui nazi inakunwaje. Nikaweka na samaki. Majirani wanachungulia madirishani.

"Anavuliwa ladha hadharani," akasema jirani yangu Bi Mgeni.

"Si alitaka mume wa mbali," akajibu mwenzake.

"Na mkate," anasema mkungu.

Hapo nikasita. Sauti ya mama yangu siku hizi naisikia mahali pamoja tu: mkate ukiwa jikoni, makaa juu ya mfuniko, na mimi nataka kufunua. Ndipo husema, "Uache upumue, Mwanakheri." Kwingine kote ameshanyamaza.

"Huo siuachi."

"Basi utarudi kwenu."

"Na mume wangu?"

"Yeye ni wa hapa. Anapita."

Basi linaondoka. Mutalemwa ananipungia mkono kistaarabu. Nikigeuka, barabara imekuwa jiko la mama, pale Chumbageni, ila meza ipo palepale na mkungu anaandika tu.

Mama mkwe, Ma Kagemulo, anaingia na sahani tupu. Hakuniona.

"Leo umekipata?" anamuuliza mkungu.

"Kitaje jina nikutafutie."

"Silijui."

"Basi kesho."

Nikamwamkia. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, ambacho nilikuwa nimeshasahau kazi yake, akanieleza kama mtu anayesimulia habari za jirani. Yeye kwao Ngara. Alipoolewa Bukoba aliambiwa aache kitu kimoja tu.

"Nikaacha, mwanangu. Nikaona jambo dogo. Mwaka wa arobaini na mbili huu. Nakumbuka pembeni kulikuwa na maziwa. Katikati ya sahani kulikuwa na nini, sikumbuki."

Nimekaa na watu wengi, mimi. Sijaona mtu akitazama sahani namna ile.

Nikavuta droo ya meza. Mkungu akasema hairuhusiwi, lakini miguu hana, akabaki amekaa. Ndani kuna tonge moja la kahawia, bado linatoa moshi. Nikaliweka kwenye sahani yake.

Ma Kagemulo akatafuna polepole, kafumba macho.

"Ugali wa ulezi," akasema. "Mama alikuwa anausonga amepiga magoti." Akamgeukia mkungu. "Mke wa mwanangu anaingia na vyake vyote. Andika hivyo."

Mkungu akalowesha kalamu, akaandika.

Nikaamka. Kumeshakucha. Mutalemwa amekaa ukingoni mwa kitanda, simu sikioni.

"Ni mama," akaniambia. "Anauliza kama Tanga unga wa ulezi unapatikana, umchukulie kilo mbili. Tangu nizaliwe sijamwona akila ulezi."

"Mwambie nitamletea."

Akamwambia. Akasikiliza tena, akakunja uso.

"Anasema ukifika pale mezani, usiache kitu. Meza gani?"