Nguzo ya Karakana ya Virgil

Vita vya Iraki vilimrudisha Delmar Stidham Kentucky akiwa na mikono yote miwili na miguu yote miwili, kwa hiyo shemeji yake Virgil hakuona anaumwa nini. Alimpa kazi kwenye karakana yake ya matairi. Tairi likipasuka, Delmar alijifungia chooni mpaka mkewe, Lorna, aje kumbembeleza atoke. Na kila Jumapili, mezani, kwenye maharage na mkate wa mahindi, Virgil alimsimanga mbele ya watoto.

"Hata paka wa karakana anakamata panya, shemeji. Wewe unakamata nini?"

Delmar aliinamisha kichwa, akala.

Alipoomba fidia ya askari wasioweza tena kufanya kazi, serikali, ambayo haikumuuliza kama anaweza vita, ilimjibu kwamba mtu mwenye mshahara anaweza kazi. Lorna akakata rufaa. Alimwomba kaka yake jambo moja tu: aje aseme kwamba ule haukuwa mshahara bali msaada wa ndugu.

Virgil alikuja kwenye kikao cha rufaa amevaa tai. Wafanyabiashara wa mji walikuwa wamemtunuku cheti kwa kuajiri askari aliyetoka vitani, na sifa ile ilikuwa imempanda kichwani kama pombe ya kienyeji.

"Delmar ni mfanyakazi wangu bora, mheshimiwa," akamwambia hakimu. "Ni nguzo."

Lorna alimtazama kama mtu atazamavyo kilichonata kwenye soli ya kiatu. Akaomba ruhusa ya kusema, akapewa.

"Nimefurahi, kaka. Wiki ijayo si unakwenda kuvua samaki? Mwachie Delmar karakana."

"Lorna, acha mchezo."

"Mchezo gani? Si nguzo?"

"Utamwachia?" hakimu akauliza.

"Nitafunga, mheshimiwa."

"Kwa nini, na mfanyakazi bora unaye?"

Uso wa Virgil ukaiva. "Huyu? Pampu ikilia tu anakimbilia chooni. Wateja anawaangusha chini eti wana mabomu. Miaka yote namlipa akae kitini. Asingekuwa mume wa dada yangu, ningemfukuza siku ileile."

"Basi hana ajira," hakimu akasema huku akiandika. "Nitaamua hivyo."

Nje, Virgil alilegeza tai, akasubiri shukrani. "Bila mimi fidia mngeipata wapi?"

Delmar akamjibu taratibu, "Kweli, shemeji. Leo ndiyo mara ya kwanza umenitukana kwa faida."

Lorna akawasha gari.