Kibali cha Nozeli

Kila Jumamosi alasiri, mashine za jineri zikishanyamaza na vumbi la pamba likishatua, Wangwe aliibeba nozeli yake mpaka kwenye bomba la uani. Nasema yake, ingawa ilikuwa mali ya umma, na katibu wa tawi angesikia mtu akiitaja hivyo angemkalisha chini amsomeshe siasa. Lakini nani mwingine aliigusa? Kilikuwa kichwa cha shaba kinachofungwa mwishoni mwa mpira wa kuzimia moto. Wangwe alikifungua, akachokonoa mchanga kwa kijiti, akasugua hesi kwa mswaki mkuukuu, akapaka grisi, kisha akaizungusha shingo yake huku na huku ili isigande. Ukiizungusha kulia, maji yalitoka mkondo mmoja wenye nguvu ya kumwangusha mtu mzima. Ukiizungusha kushoto, yalitawanyika yakawa kama ukungu.

"Pamba ikiwaka usiipige mkondo," alizoea kuwaambia wenzake. "Utaitawanya na moto wake. Ilaze kwanza kwa ukungu, ndipo uichimbe."

Wenzake walimcheka. Walisema anaibembeleza nozeli kuliko mke. Huo ulikuwa utani mzuri zamani, na Wangwe mwenyewe aliucheka. Tangu mpaka ufungwe hakuna aliyeurudia tena.

Mke wake, Dorka binti Opondo, alikuwa Mjaluo wa ng'ambo ya Sirari. Mwanzoni mwa mwaka wa sabini na saba alivuka na mimba yake kubwa kwenda kumuuguza mama yake, aliyepooza upande mmoja na hakuwa na mtoto mwingine wa kumgeuza kitandani. Alisema atakaa wiki chache. Kabla wiki hizo hazijaisha, serikali mbili zikakorofishana, kizuizi kikashushwa barabarani, na Dorka akajifungulia huko huko. Mtoto wa kike, Aloo. Wangwe aliambiwa na watu kwamba mtoto amerithi masikio yake.

Mtauliza, na njia za panya je? Alijaribu, kwani yeye ni jiwe? Mgambo walimkamata vichakani kabla hata hajauona upande wa pili. Aliachiwa kwa sababu jineri nzima ilimtegemea yeye kwa pampu na mabomba, lakini aliambiwa waziwazi kwamba akionekana tena huko atahesabiwa mtu wa magendo na kufungwa. Basi akakaa Nkende, katika nyumba yenye vyungu vya Dorka vilivyofunikwa kifudifudi, akiishi kwa habari za mdomo. Habari hizo aliletewa na mama mmoja mchuuzi wa tumbaku, Mokami, ambaye mgambo wote walimwogopa kwa sababu aliwazalisha mama zao.

"Shikamoo mama. Wanasemaje huko?"

"Marahaba. Mtoto ameota meno." Safari nyingine, mtoto amesimama. Safari nyingine, mtoto anakimbiza kuku. Kila habari ilimfurahisha Wangwe jioni moja na kumtesa wiki nzima. Mtoto alikuwa anakua bila yeye, na hakuna jino la kwanza linaloota mara ya pili.

Sasa ikawa kiangazi cha mwaka uliofuata, pamba imejaa ghalani mpaka inagusa mabati, na nozeli ikaharibika. Pete ya mpira iliyokaa ndani ya shingo ilikuwa imekauka ikapasuka. Ulipoifungulia maji, nusu yake ilimrudia aliyeishika, na iliyobaki ilidondoka mbele hatua chache kama mkojo wa mzee. Wangwe akakata pete nyingine kutoka kwenye tyubu ya tairi, maji yakaitapika. Akakata nene zaidi, ikatapikwa pia.

Meneja wa jineri, Ndugu Athanas, alikuwa mtu wa huruma na mwenye wasiwasi mwingi. Alisimama uani suruali imelowa, akaitazama pamba yake, akamtazama Wangwe. "Hizi pete zilikuwa zinatoka Kisumu, siyo?"

"Kisumu, Ndugu Meneja."

"Basi nitakuombea kibali wilayani. Uvuke wewe mwenyewe ukainunue, maana wewe ndiye unayejua saizi. Au kuna njia nyingine ya kuitengeneza?"

Njia ilikuwapo. Ngozi ya shingo ya dume la ng'ombe, iliyolowekwa kwenye samli mpaka ikalainika, hukaa ndani ya shaba na kuvimba ikikutana na maji. Wangwe alikuwa ameitumia miaka yote kwenye pampu ya kisima, na Dorka alikuwa akimgombeza kwa kummalizia samli. Jibu lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini neno Kisumu lilikuwa limeshaingia kichwani, na njia ya Kisumu inapita mlangoni kwa mama mkwe.

"Hakuna," alisema.

Kibali kikatoka haraka kuliko ilivyotarajiwa. Avuke Alhamisi asubuhi, arudi baada ya siku mbili. Wangwe alimtafuta Mokami, akamkuta sokoni Nyamisangura anafunga tumbaku yake, akampa salamu za kumpelekea Dorka: Alhamisi, kizuizini, aje na mtoto. Mokami alimtazama usoni akacheka. "Baba, umeanza kunyoa ndevu tena! Haya, nitafika leo hii."

Wiki hiyo Wangwe alikuwa mtu mwingine. Aliosha shati lake la kanisani akalianika, akaliosha tena. Alinunua kitenge kidogo cha maua, akampimia fundi cherehani urefu wa mtoto kwa kukisia na mkono, na fundi akamwambia hakuna mtoto wa mwaka na nusu mwenye kimo hicho labda awe twiga. Usiku alilala akijaribu kumfikiria Aloo, na kila mara uso ulikuwa wa Dorka uliopunguzwa. Alitamani kujua harufu ya nywele zake. Hilo tu lilitosha kumkosesha usingizi.

Jumanne, wachungaji wakachoma nyasi vilimani. Huchoma kila mwaka, ili mvua za kwanza zioteshe majani mabichi ya ng'ombe, na kila mwaka moto hukosa cha kuunguza ukafa wenyewe. Mwaka huo upepo ulikuja na tabia mbaya. Kufikia Jumatano asubuhi moshi ulikuwa umevuka kilima cha pili, na majivu meusi yakaanza kuanguka uani pa jineri, juu ya nguo za watu na juu ya marobota yaliyofungwa.

Wangwe aliyatazama majivu yale, akapiga mahesabu moyoni mwake. Moto ungeweza kugeuka. Angeweza kuikata pete ya ngozi kimya kimya, akaitia mfukoni, akangoja. Moto ukija, aifunge; usipokuja, kesho avuke. Lakini alijidanganya na alijua anajidanganya. Pete isiyopimwa kwa maji ni sawa na hakuna pete. Lazima ikae, ivimbe, shingo izungushwe na kukazwa na kuzungushwa tena, na ukifanya hivyo pampu inanguruma na kila mtu anatoka nje kuona.

Hapo ndipo Agustina alipomjia. Alikuwa mmoja wa akina mama wanaochambua uchafu ghalani, wamekaa katikati ya pamba siku nzima na watoto wao wadogo kando, na mlango wa ghala ulikuwa mmoja.

"Kaka Wangwe," alimwuliza, "wenzangu wamenituma. Moto ukifika, ule mpira utafanya kazi? Wewe sema tu. Ukisema ndiyo, tutaendelea na kazi."

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza saa, akiwa amejiandaa kuamini jibu lolote. Wangwe alimtazama, nywele zake zimejaa nyuzi nyeupe za pamba, akaona aibu.

"Toeni watoto kwanza," alisema. "Nipe mpaka adhuhuri."

Akapanda baiskeli mpaka kwa fundi viatu wa Nyamisangura, akarudi na kipande cha ngozi ya shingo. Samli akaipasha moto kiasi cha kuvumilika na kidole, akailoweka humo ngozi muda mfupi kuliko alivyopenda, akaikata, akaikuna kingo, akaipachika. Pampu ikanguruma. Mara ya kwanza maji yalimrudia usoni. Akakaza, akazungusha, akangoja ngozi inywe. Mara ya pili mkondo ukatoka umenyooka, ukapita juu ya paa la ghala, na watu wote wakapiga makofi. Akazungusha kushoto, ukungu ukafunguka mbele yake mpana, ukatua juu ya marobota, juu ya nyasi kavu za uzio, juu ya akina mama waliokuwa wanacheka na kukimbia. Alilowesha uzio wote, na paa, na njia. Ilikuwa kazi nzuri, na alilia huku akiifanya. Kwa bahati kila mtu alikuwa amelowa.

Ndugu Athanas alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Umetuokoa, Wangwe! Na Kisumu hatuihitaji tena."

"Na kibali, Ndugu Meneja?"

Uso wa meneja ukashuka. Alikuwa hajalifikiria. "Kilitolewa kwa ajili ya pete," alisema polepole. "Na pete watu wote wameiona. Najua una mke kule, ndugu yangu. Ndiyo maana hasa nitaulizwa." Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya.

Alasiri hiyo upepo ukageuka. Moto ukazunguka kilima, ukashuka kwenye mbuga isiyo na kitu, ukafa wenyewe. Haukuwahi hata kuuona uzio wa jineri.

Mokami alikuwa bado ng'ambo, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumzuia Dorka asije. Alhamisi alfajiri Wangwe alivaa shati lake, akatia kigauni kifuani, akaendesha baiskeli mpaka Sirari. Askari kijana aliyekuwa kizuizini akamwonyesha pa kuishia. Mbele kulikuwa na kipande cha barabara tupu, kisha kizuizi cha wenzetu, na nyuma yake watu wachache wamesimama.

Dorka alikuwa miongoni mwao. Alikuwa amekonda. Alikuwa na kikapu kilichofunikwa kitambaa, chakula cha mgeni, na alipomwona mumewe akakiinua kabisa kama mtu anayesubiri kuongozana naye nyumbani. Kisha akaona hatembei.

"Wuon Aloo!" aliita. Baba Aloo. Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo uso kwa uso. "Mbona umesimama?"

"Sivuki!" Wangwe alipaza sauti mpaka koo likamkwaruza. "Nimeitengeneza! Nozeli! Nimeitengeneza mwenyewe!"

Dorka alikuwa ameishi na mikono ile, hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Kwa ngozi?"

"Kwa ngozi!"

Akaweka kikapu chini. Mabega yake yakatikisika, akacheka, kisha akashika pembe ya kitambaa akajifuta macho, na kwa umbali ule Wangwe hakujua kicheko kiliishia wapi. Halafu akainama nyuma ya watu, akainuka na mtoto mikononi. Kichwa kidogo, miguu miwili mitupu. Masikio hayakuonekana kutoka huku.

"Baba yako yule!" Dorka alimwambia kwa sauti ya kuwafikia wote. "Yule kule! Mpungie baba!"

Aloo akatazama. Akawaona wanaume wawili wamesimama, mmoja mwenye shati la kawaida, mwingine mwenye kofia na vifungo vinavyometa juani. Akachagua. Akainua mkono wake, akampungia askari kwa nguvu zake zote.

Askari akageuka kumtazama Wangwe, hajui la kufanya na mikono yake.

"Mpungie," Wangwe alimwambia. "Tafadhali, ndugu. Usimwache hivi hivi."

Askari akainua mkono, na mtoto akacheka.