Siku Ayari Alipohakikiwa

Jana nilipitiwa na usingizi juu ya kamusi ninayoisahihisha, nikaota nimesimama kwenye foleni ya uhakiki wa wastaafu. Wenzangu wote ni maneno ya zamani ya ulaghai. Mbele yangu yuko Mzandiki, amevaa koti, anavisifia viatu vyangu. Mimi niko peku.

"Wanahakiki kama bado tuko hai," ananieleza. "Asiyetajwa na mtu anafutwa."

Nyuma yangu alikuwepo mzee mwembamba anayetetemeka. Nilimtambua: Ayari. Mchana ule nilikuwa nimempiga mstari mwekundu ili kurasa zipungue. Niliona haya, nikampisha.

Mezani amekaa muhuri wa mpira, anapiga miayo.

"Jina?"

"Ayari. Mtu mwenye hila."

"Siku hizi wanasema tapeli. Una shahidi?"

Ayari ananigeukia. Hana mwingine.

"Mimi," nasema. "Niliwahi kuitwa hivyo na bibi yangu mzaa mama, Bi Mize."

"Kwa kosa gani?"

Hilo sijawahi kumwambia mtu. Bibi hakujua kusoma, na barua za Mjomba Sefu kutoka Mombasa nilimsomea mimi. Mjomba aliandika mistari mitatu: atumiwe mto wa usufi, atumiwe samli, wasalaam. Mimi nilisoma kwamba anamkumbuka mama yake kila akila, na kwamba juzi amemwota. Siku moja Bibi alinitazama sana, akasema, "Ayari mkubwa wee." Nilijua nimeshikwa. Miaka ishirini aibu ile haijanitoka.

"Maneno matupu hayatoshi," muhuri alisema. "Aje aliyekuita."

"Alishafariki."

"Basi afanye haraka."

Ukumbi ukawa jiko la Bibi. Muhuri alikalia mbuzi ya nazi bila kulalamika. Bibi alikuwa anapepeta mchele na hakushangaa kutuona.

"Bibi, kumbe ulijua?"

"Sefu tangu lini akanikumbuka? Mistari mitatu, wewe unasoma mpaka uji unapoa."

"Na bado ukawa unaniita kila barua ikija?"

"Za Sefu nilikuwa nazitaka za nini, mjukuu wangu? Nilikuwa nazingoja za kwako."

Nililia. Ayari naye alilia, ingawa kwa jinsi ninavyomjua sikumwamini moja kwa moja. Muhuri alidai sahihi. Bibi alipitisha kidole gumba kwenye masizi ya sufuria, akaniuliza aweke wapi.

Niliamka asubuhi, shavu langu likiwa juu ya karatasi. Kwangu napikia gesi, na sufuria zangu hazina masizi. Lakini kando ya neno ayari palikuwa na alama nyeusi ya kidole gumba. Nilijaribisha changu juu yake, hakikuijaza.

Nikachukua kalamu, nikaongeza maana ya pili: mjukuu anayesoma barua zaidi ya ilivyoandikwa.